Utafiti wa maisha ya matineja Mombasa kwa ajili ya makala: tuanzie wapi?

Makala_Mvita aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo. Tunaandaa makala ya dakika 50 kuhusu siku za kawaida za matineja wa Mombasa, wa miaka 14 hadi 17. Hatufanyi makala ya unga (dawa za kulevya) wala ya magenge, ijapokuwa hayo yakijitokeza hatutayafagia chini ya mkeka. Tuko watatu: mpiga kamera, mtu wa sauti na mimi mtafiti. Tumejipa wiki sita za kusikiliza tu kabla ya kuwasha kamera.

Nimekwama pahali pane. Kwanza, tuingilie kwa chifu au kwa vijana wenyewe? Pili, idhini ya mzazi inaandikwaje, na ni mzazi yupi hasa? Tatu, wavulana tunawapata kila pembe lakini wasichana hatuwaoni. La nne ndilo linaloniumiza kichwa: vikao viwili vya majaribio vimetoa majibu yanayofanana kama yamepigwa fotokopi. Kila mmoja anataja mihadarati, mimba za mapema, ukosefu wa ajira. Hakuna anayesema jambo la kwake. Wenye ujuzi nisaidieni.

---

BintiKibokoni alijibu:

Nianze na hilo la nne, maana ukilitatua mengine yatalainika.

Vijana hao hawakudanganyi. Wanakujibu kwa lugha ya semina. Mtoto wa Kisauni au Likoni aliyefika miaka 15 ameshakaa kwenye vikao vya miradi mara kadhaa, akapewa soda na daftari, na anajua mgeni mwenye karatasi anataka kusikia nini. Ukiuliza "changamoto za vijana wa hapa ni zipi?", umemfungulia faili iliyo tayari. Neno "changamoto" lifute kabisa kwenye maswali yako. "Vijana" pia, likiwa kwa wingi. Muulize yeye, na umuulize jana.

Njia inayofanya kazi ni ramani ya siku. Chukua karatasi ya A3, chora mstari mmoja mrefu, mpe kalamu. Mwambie aanze pale alipofungua macho jana hadi alipolala. Aliamshwa na nani? Nani alioga kwanza? Alikula nini, na nani alimwekea? Alipita njia ipi kwenda shule, na njia ipi aliiepuka? Simu aliishika saa ngapi, na ni simu ya nani? Hapo kwenye "njia aliyoiepuka" na "simu ya nani" ndipo makala yako ilipolala. Mmoja atakwambia anazunguka nyuma ya msikiti ili asipite maskani fulani, yaani kijiwe cha vijana. Mwingine atakwambia simu ni ya mamake, hupewa baada ya Isha, na huirudisha akiwa ameshafuta kila kitu. Hayo hayamo kwenye semina yoyote.

Ramani moja ichukue dakika 40 mpaka saa moja, na mfanye mbili kwa kila kijana: ya siku ya shule na ya Jumamosi. Usimfanyie zote kwa mkupuo, siku ya pili huwa amekuzoea. Vikao vya kundi viwe vya watu watano au sita, wavulana mbali na wasichana mbali, na tofauti ya umri isizidi miaka miwili. Mkichanganya wa miaka 14 na wa 17, wa 17 ataongea na wa 14 ataitikia kwa kichwa.

Na kosa moja linalowaumbua wageni: msimuulize mtoto wa miaka 14 "uko fomu ngapi?" KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023. Walioifanya ndio Kidato cha 3 mwaka huu wa 2026, na nyuma yao kuna Gredi ya 10 na kushuka, za mtaala mpya. Kwa hiyo kundi lenu la miaka 14 hadi 17 limekatwa na mifumo miwili ya elimu, na wakati mwingine ndugu wawili wa nyumba moja hawafanyi hata mtihani wenye jina moja. Hilo peke yake lina sura nzima ya makala.

Kuhusu wasichana. Hamuwaoni kwa sababu mnatafuta maskani, na maskani ni ya wavulana. Msichana wa Majengo au wa Mji wa Kale ana saa zake: akitoka shule yuko nyumbani, kisha chuoni (madrasa) kwa ustadhi au kwa maalim, kisha baina ya Alasiri na Magharibi hutumwa dukani, au huwa mlangoni kwa jirani yanakopikwa mahamri ya kuuza. Wengine mtawapata saluni na kwa wapaka hina, hasa wiki ya harusi. Anayewafikia awe mwanamke, na aanze kwa mama au nyanya. Akikaribishwa chai asikatae. Na msiwasahau wasichana wanaofanya kazi za nyumba za watu. Wako kila mtaa na huwa hawamo kwenye orodha ya yeyote, kwa kuwa si "watoto wa hapa".

---

SheriaTu alijibu:

Nitashika la idhini na vibali.

Mtoto kwa Sheria ya Watoto ya 2022 ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo vijana wenu wote ni watoto, hata yule mwenye ndevu anayeendesha boda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, na shughuli yenyewe iwe kwa maslahi bora ya mtoto huyo. Sauti iliyorekodiwa ni taarifa. Picha ni taarifa. Ile ramani ya siku iliyotajwa hapo juu, ikiwa na jina lake, nayo ni taarifa. Msidhani idhini inaanza siku ya kamera.

Idhini ya mzazi haitoshi. Mtoto mwenyewe lazima aridhie, na akikataa, imekwisha, hata mama akisema "we kaa hapo uhojiwe". Karatasi iwe ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, isomwe kwa sauti, na visanduku vitenganishwe:

– kuzungumza na mtafiti bila kurekodiwa
– kurekodiwa sauti
– kupigwa video, uso ukionekana
– kuonyeshwa kwenye televisheni au ukumbini
– kuwekwa kwenye intaneti

Wengi huweka sahihi moja kwa yote matano, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Mama aliyekubali mwanawe aonekane ukumbini anashtuka kukiona kipande kikizunguka WhatsApp ya ukoo. Kisanduku cha intaneti kielezwe peke yake: video ikishawekwa huko, hairudi.

"Mzazi yupi" ni swali zuri kwa Mombasa. Watoto wengi wanalelewa na nyanya, mjomba au khalati, na mama yuko Saudia au Dubai kazini. Muulizeni mtoto na jirani: akiugua usiku, nani humpeleka hospitali? Huyo ndiye mlezi wa kila siku, na asipotia sahihi msiende mbele. Mama aliye ng'ambo naye aelezwe kwa simu, atume ujumbe wa sauti wa kukubali, na ujumbe huo muuhifadhi pamoja na karatasi. Wakitofautiana, aliyekataa ndiye wa kufuatwa.

Vibali: kupiga filamu kunataka leseni chini ya Sheria ya Filamu na Maigizo, Sura ya 222, na mlango ni KFCB, bodi ya kuainisha filamu. Ikiwa mradi umefungamana na chuo au ni utafiti wa kitaaluma, ongezeni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Droni ina kanuni zake za 2020 na ni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kivukoni Likoni na eneo la bandari ni sehemu zinazolindwa, kamera isitolewe bila ruhusa ya maandishi, hata kama kijana wenu huvuka kila siku na "ni picha yake tu". Kila mwanakikosi awe na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa jinai), huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Shule na wazazi wenye busara watakiulizia kabla hamjaketi.

Jambo la mwisho, na hili msilichezee. Msimuahidi mtoto siri isiyo na mpaka. Mwambieni mapema, kwa maneno haya au yaliyo karibu nayo: "Utakayonambia hayatafika kwa mamako wala kwa mwalimu. Lakini ukinambia kuna mtu anakuumiza, au kuna mtoto yuko hatarini, hapo nitatafuta msaada, na nitakwambia wewe kwanza." Muwe na nambari mkononi: 116 ya watoto ni bure, saa 24. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, 1192 ni ya NACADA, mamlaka ya kupambana na mihadarati. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuhudumia waliodhulumiwa kingono. Mjue mlango wake uko wapi kabla hamjauhitaji, sio siku yenyewe mnaulizana getini.

---

Mtu_wa_Ng'ambo alijibu:

Mimi kwa chifu nina neno. Ndiyo, mjulisheni, na mzee wa mtaa pia, kwa barua, na nakala mkae nayo. Lakini msikubali awachagulie vijana. Ukimwambia mzee "nataka vijana sita", kesho atakuletea sita waliochana nywele: mjukuu wake, kiranja wa madrasa, na mwenyekiti wa kikundi cha usafi. Watoto wazuri, lakini mtaa haumo.

Chifu ni wa kubisha hodi, si wa kuwachagulia watu. Baada ya hodi, ingieni kwa milango mitatu tofauti isiyojuana: kocha wa timu ya mtaa, ustadhi au mchungaji, na mwenye kibanda cha viazi karai. Huyo wa tatu hupuuzwa, na ndiye anayejua nani anakula kwa deni na nani haendi shule siku hizi. Kutoka kila mlango chukueni wanne au watano, hao nao wawataje wawili wasio rafiki zao. "Wasio rafiki zao" ndiyo siri. Mkiomba marafiki mtazunguka maskani moja wiki sita.

Na tafadhali Mombasa isiwe Mji wa Kale na ufuo wa Pirates peke yake. Kaunti ina maeneo bunge sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Tineja wa Mtongwe anayevuka feri saa kumi na moja alfajiri kwenda shule kisiwani, wa Miritini anayeishi na malori, na wa Nyali anayepelekwa na dereva, hao watatu wanaishi miji mitatu. Kwa dakika 50 msibebe zaidi ya wahusika wanne, ila muwasikilize 25 au 30 kabla ya kuwapata hao wanne.

La pesa: nauli na chakula, kiasi kilekile kwa wote, na kitangazwe kabla. Msilipe kwa hadithi. Habari ikisambaa kwamba aliyelia alipewa zaidi, wiki ijayo wote watalia.

---

Makala_Mvita aliandika:

Shukrani sana, nimechapisha yote. Hapo kwenye nauli: mama mmoja amesema tumpe yeye, mtoto akasema tumpe yeye. Na je, Ramadhani ikiangukia katikati ya wiki sita tusimamishe?

---

Mtu_wa_Ng'ambo alijibu:

Nauli apewe mtoto, mbele ya mama. Mama mpelekeeni kilo mbili za sukari mnapokwenda kubisha hodi, si kama malipo, ni adabu ya kwenda kwa watu.

---

BintiKibokoni alijibu:

Ramadhani msisimamishe, ila mjue siku imegeuzwa miguu juu. Mchana kimya, na mtoto aliyefunga hana hamu ya maswali baada ya Adhuhuri. Uhai uko baada ya tarawehe mpaka daku: gemu za usiku, keram vibarazani, wasichana wanatembeleana hata saa nne usiku bila kuulizwa sana. Kwa wengine ndio mwezi wenye uhuru mkubwa kuliko yote. Lakini ramani ya siku ya Ramadhani isichanganywe na ya siku za kawaida, ziwekeni mafungu mawili.

Likizo vivyo hivyo. Aprili, Agosti na Novemba–Desemba mtawapata kwa urahisi, lakini mtakuwa mnatafiti likizo. Wiki mbili kati ya sita ziangukie muhula.

---

FundiSauti001 alijibu:

Nimeona wote mmezungumzia watu, nami niingie kwa vyombo, maana mahojiano mazuri yenye sauti mbovu hayana wa kuyatazama.

Maiki ya klipu na mtandio ni maadui. Ukiibana juu ya mtandio wa shifoni, kila akigeuza shingo utasikia kwaruu, na hakuna programu itakayoitoa bila kula sauti yake pia. Buibui la poliesta ni hivyohivyo, linavuma likisuguana na kanga iliyo ndani. Dawa yake: chukua kipande cha plasta ya nguo, ukikunje pembetatu, gundi nje, vipande viwili, na kichwa cha maiki kikae katikati yake kama nyama ya sambusa. Gundi ya upande mmoja ishike mtandio, ya upande wa pili ishike nguo ya ndani, ili vitambaa viwili visisuguane tena juu ya maiki. Kiwe kifuani, upana wa mkono chini ya kidevu. Waya uache kitanzi kidogo ili akivuta using'oke. Na anayeibana ni msichana mwenyewe chumbani, akielekezwa na mwanamke wa kikosi. Kama hamna mwanamke kikosini, tumieni maiki ya mlingoti, nusu mita kutoka mdomoni, nje kidogo ya picha, na msihangaike na klipu.

Feni. Nyumba za Mombasa bila feni ni jiko, na feni ndani ya maiki ni ndege inaruka. Zima, rekodi dakika kumi, washa, mpumzike na maji, endelea. Kila chumba rekodini sekunde 60 za kimya chake mtu asisogee, hizo ndizo zitakazoziba mapengo kwenye uhariri. Friji pia izimwe, na ufunguo wa gari uweke juu ya friji hiyo ili usisahau kuiwasha ukiondoka. Samaki wa watu wakioza hamtakaribishwa tena.

Adhana: Adhuhuri huwa karibu saa sita na nusu mchana, Alasiri kama saa tisa na nusu au kabla ya saa kumi kidogo, Magharibi huelea karibu na saa kumi na mbili na nusu. Panga maswali mazito yasigongane nazo. Adhana ikiingia katikati ya jibu hamwezi kukata jibu hilo bila mkato kusikika, na kwa adabu tu mnapaswa kunyamaza. Sasa upepo: miezi ya Kusi, huko ufuoni au juu ya paa, sponji nyeusi haitoshi, ivisheni maiki manyoya.

Sasa kuficha uso. Kupaka ukungu usoni wakati wa uhariri ni kujidanganya kwa mji kama huu ambako watu wanajuana kwa mwendo. Kijana amefichwa uso, lakini nyuma yake kuna mlango wa nakshi ambao kila mtu wa Mji wa Kale anajua ni wa nyumba ya nani. Au amevaa tai ya shule. Au sauti ni yake vilevile. Kama mtu anahitaji kufichwa, afichwe tangu kupiga picha: mikono tu, kivuli ukutani, mgongo dhidi ya ukuta mtupu, na asiwe mtaani kwake. Maneno yake yasomwe na kijana mwingine wa rika lake. Kuteremsha sauti kwa programu kunaweza kurudishwa na mtu mwenye programu ileile. Na faili asilia ziwe na kodi, si majina: L03, K11. Orodha ya kodi na majina ikae kwenye daftari moja la karatasi, mbali na kompyuta. Nakala mbili za kila faili, diski mbili, nyumba mbili.

---

BintiKibokoni alijibu:

Nimekumbuka la unukuzi, mlipangie wakati tangu sasa. Saa moja ya sauti inakula saa nne hadi sita za kuandika, na hawa watoto wanachanganya Kimvita, Sheng na Kigiriama au Kidigo ndani ya sentensi moja, kwa hiyo hesabuni sita. Anayenukuu awe mtu wa Mombasa. Mtu wa bara akisikia nyanya anamwita mjukuu "ndoo hapa" ataandika habari za ndoo ya maji, kumbe ni "njoo". "Mato" ni macho, "ndia" ni njia, "nti" ni nchi. Msisanifishe, andikeni kama lilivyotoka, ufafanuzi uwe pembeni.

Na saa! Kijana akisema alirudi "saa mbili", mwandishi wa tafsiri za chini ya picha akaandika 2, mmemrudisha msichana wa watu nyumbani usiku wa manane wakati alifika baada ya Isha. Hilo linaweza kumtia mtoto matatani na babake kwa kosa ambalo hakulifanya. Unukuzi ukiisha, mmoja apitie saa zote peke yake.

---

Makala_Mvita aliandika:

Hiyo ya saa imenishtua, tayari kuna nakala mbili tulizoandika hivyo. Narudi kuzisahihisha leo. Swali dogo la mwisho kwa SheriaTu: mtoto akibadilisha nia tumeshahariri, inakuwaje?

---

SheriaTu alijibu:

Haki ya kujitoa anayo. Kwa hiyo msingojee awafuate, wekeni tarehe. Makala ikifika kwenye mkato wa kwanza (toleo la kwanza la uhariri), kila mhusika na mlezi wake wakae waone sehemu zao tu, nyumbani kwao, kwenye kompyuta yenu, na faili isiachwe. Wapeni siku saba. Mtoto aonyeshwe peke yake kwanza kabla ya mlezi, maana huenda kuna sentensi aliyoisema ambayo hataki mamake aisikie, na njia pekee ya kuitoa bila ugomvi ni kuitoa kabla mama hajaketi.

Ndiyo maana muwasikilize watu 25 lakini mrekodi vya kutosha kwa wahusika sita, japo mnahitaji wanne. Wawili ni akiba. Atakayejitoa ajitoe bila kuona amewaharibia kazi.